Naomba ushauri: kifaa cha kuonyesha samaki chenye GPS, cha bei ya kuanzia, kwa mtumbwi wa mbao Mwanza

MwanaLuchelele

Wakuu heshima kwenu. Wazee mliomo humu, shikamooni.

Naomba ushauri kabla sijatoa hela. Mimi na shemeji yangu tuna mtumbwi wa mbao wa futi 22, injini ya kupachika ya hp 15, tunaufunga hapa Luchelele. Siku za wiki mimi nafundisha, yeye ana duka la vifaa vya ujenzi Nyegezi. Jumamosi tunaingia majini kabla hakujapambazuka kuvua sangara kwa mshipi, mara nyingi kwa furu hai (samaki wadogo wa chambo), mara nyingine tunakokota samaki bandia nyuma ya mtumbwi. Leseni tunayo, majaketi okozi tunayo. Kinachotukwamisha ni kupata mahali penyewe.

Kuna mwamba mmoja chini ya maji, kaskazini mwa tunapofunga chombo, ambao ukiupata umepata kitoweo cha wiki nzima. Tunautafuta kwa kulinganisha: mnara wa simu ukae juu ya jabali lililopasuka katikati, na upande wa pili mwembe mkubwa ugusane na paa la bati jekundu. Kukiwa kweupe tunaupata. Lakini asubuhi ya ukungu, au mvua ikiwa imefunga ng'ambo, hakuna mnara wala mwembe. Hapo tunazunguka tu tukichoma petroli, tunashusha jiwe lenye kamba kupima kina, tukigusa tope tunasogea. Na mwaka huu mwenye ile nyumba kabadilisha bati, kaweka la bluu.

Nimepekua mitandaoni hadi nikachanganyikiwa. Nimeona Garmin Striker 4, Lowrance HOOK2 4x, Humminbird PiranhaMAX 4, na ile ya mpira wa kurusha majini inayoitwa Deeper. Zote zinasema zinaonyesha samaki. Moja inajisifu kufika kina cha mamia ya mita, nyingine inatoa picha ya chini kama imepigwa na kamera. Bajeti yetu ni laki sita, na humo iwemo betri, usafiri na kodi.

Mahitaji yangu ni mawili. Nione kina na nijue chini kuna mawe au tope. Halafu niuhifadhi ule mwamba ili nirudi hata kukiwa na ukungu. Ramani ya ziwa si lazima. Kwa maji haya ya ghuba yetu, machafu kiasi na yasiyo na kina kirefu, nichukue ipi? Na kile kidude kinachozama majini kinafungwaje kwenye mtumbwi bila kutoboa ubao?

KijanaWaIgombe

Mwalimu, kwa upande wa GPS usitumie hela. Simu yako inatosha. GPS ya simu inapokea setilaiti moja kwa moja, haihitaji bando wala mnara. Pakua programu yoyote ya ramani inayofanya kazi bila intaneti, ukifika kwenye mwamba bonyeza uhifadhi, kesho yake inakupeleka. Mimi natumia hivyo huku Igombe mpaka karibu na visiwa. Nunua ya kupima kina tu, zile zisizo na GPS ni rahisi zaidi, chenji inayobaki weka mafuta.

MzeeWaKayenze

Marahaba mwalimu. Umeuliza vizuri kwa sababu umeutaja mwamba. Wengi wanaokuja na swali hili wanataka kuonyeshwa samaki, na mashine ya bei ya kuanzia haiwezi kukuahidi samaki. Inachoweza kukupa bila kukosa ni kina, aina ya chini, na mahali ulipo. Vitatu hivyo vikikaa pamoja kwenye kioo kimoja, sangara utawafuata mwenyewe.

Kijana wa Igombe anasema kweli kuhusu setilaiti na bando, wala simbishii. Ila nimevua kwa simu na nimevua kwa mashine, na tofauti ninayoiona iko kwenye sekunde chache. Mtumbwi ukipita juu ya mwamba, mstari wa chini unapanda ghafla. Wakati huo huo unatakiwa ubonyeze kitufe kimoja. Kama kina kiko kwenye kifaa hiki na pointi, yaani alama ya mahali unapopahifadhi, iko kwenye simu iliyo mfukoni ndani ya mfuko wa nailoni, vidole vina ute wa furu, jua linapiga kioo, mpaka ufungue programu upepo umeshakusogeza. Ndiyo maana nasema nunua yenye vyote viwili ndani, na simu ibaki kuwa akiba ya dharura.

Sasa majina, kwa sababu hapo ndipo watu wanapopoteza hela. PiranhaMAX 4 haina GPS. Ni kifaa kizuri cha kina lakini kwa haja yako iondoe kwenye orodha. HOOK2 4x zilitoka za aina mbili, isiyo na GPS na yenye GPS, na kwa macho zinafanana. Soma jina lote kwenye boksi, kama neno GPS halipo basi haina. Deeper nayo hivyo hivyo: iliyoitwa Pro haina, Pro+ inayo. Striker 4 inayo ndani yake, huna haja ya kuongeza kitu.

Mimi ningechukua Striker 4. Kioo chake ni kidogo, inchi 3.5, na haina ramani yoyote: upande wa GPS ni uwanja mtupu wenye pointi zako na njia uliyopita. Kwako wewe hiyo si kasoro, maana umesema ramani si lazima, na pointi zako zitakuwa za thamani kuliko ramani ya mtu ambaye hajawahi kufika Luchelele. Huko Marekani imekuwa ikiuzwa kati ya dola 100 na 150, kabla ya usafiri na kodi ya forodha. Ukipata mtu wa kukuletea Striker Vivid 4cv na hela ikaruhusu, chukua hiyo: kioo ni kikubwa kidogo na inachora ramani ya kina yenyewe kadiri unavyopita. Kwa ghuba ambayo haijachorewa ramani nzuri kwa ajili ya wavuvi, kujichorea ya kwako mwenyewe ni jambo kubwa. Lakini bajeti yako ukiikamulia hapo, betri na fremu ya kufungia mashine vitakosa chao.

Mambo ya wati na kina cha mamia ya mita yasikusumbue. Ziwa zima, hata kule mbali katikati, kina chake kikubwa ni kama mita 80. Ghuba ya Mwanza ina urefu wa kilomita 60 hivi, lakini kina chake hakizidi sana mita 25, na ukielekea kusini kinazidi kupungua. Mashine ndogo kuliko zote sokoni inafika huko. Wala uchafu wa maji si tatizo. Mashine haitumii mwanga, inatumia sauti, na sauti inakwenda majini karibu mita 1,500 kwa sekunde bila kujali maji ni meupe au ya kahawia. Kwenye kina cha mita 15 mlio unashuka na kurudi kwa sekunde 0.02. Kinachoiudhi ni hewa: povu la propela, magugu maji, na yale mapovu yanayopanda kutoka kwenye tope la chini.

Kitu cha kuelewa kabla ya vyote ni upana wa eneo inaloliona. Sauti inatanuka kadiri inavyoshuka, kama mwanga wa tochi. Transdusa ya Striker 4, yaani hicho kidude cha kuzama, ina masafa mawili: 200 kHz inayofungua nyuzi 15 na 77 kHz inayofungua nyuzi 45. Piga hesabu, wewe ni mwalimu. Kwenye mita 20, ile nyembamba inaona duara la mita 5 na kidogo, ile pana inaona mita 16 na zaidi. Kwenye mita 3 ile nyembamba inaona duara lisilofika hata mita moja. Kwa hiyo sato wa pembeni kwenye matete usiwatafute kwa mashine. Mtumbwi wenyewe utawafukuza kabla hujawaona.

Kutafuta mwamba tumia 200 kHz. Ile pana inachanganya: ukiwa pembeni ya jabali tayari inakuonyesha kina cha jabali, unadhani umefika na hujafika. Ukishafika na unataka kujua kama kuna samaki wanaozungukazunguka, badili uweke 77.

Halafu kioo chenyewe. Mtu akikitazama mara ya kwanza anadhani anaona picha ya chini ya mtumbwi, mbele mpaka nyuma. Sivyo. Ukingo wa kulia ndio sasa hivi. Vyote vilivyoko kushoto vimeshapita. Ukisimamisha mtumbwi kioo kinaendelea kutembea, na samaki mmoja aliyetulia chini yako anakuwa mstari mrefu kana kwamba ni bomba. Mtumbwi ukitembea taratibu, samaki yule yule anaingia kwenye mwale wa sauti, anapita katikati, anatoka, na mashine inamchora kama upinde. Urefu wa upinde ni muda aliokaa kwenye mwale tu. Aliye mkubwa utamjua kwa unene wa upinde na ukali wa rangi, na hata hapo ni kukisia. Sangara chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, na mashine haitakupimia hilo. Utapima kwa rula ukishamtoa.

Ukiwasha utaona katuni za samaki. Zizime kwenye menyu siku hiyo hiyo. Kila kinachoelea, gugu, povu, kipande cha wavu kilichokatika, mashine inakipa umbo la samaki, na wewe utaweka nanga juu ya takataka. Mwangwi wenyewe una maelezo mengi zaidi. Tope linarudisha mwangwi hafifu, mstari wa chini unakuwa mwembamba na rangi yake imepooza. Mwamba unarudisha mstari mnene wenye rangi kali, na mara nyingi utaona mstari wa pili chini yake kwenye kina maradufu: mwamba uko mita 9, kivuli chake kinaonekana mita 18. Ni sauti iliyogonga mwamba, ikapanda, ikagonga uso wa maji, ikashuka tena. Ukiona mstari huo wa pili, chini ni pagumu. Furu wanaokaa kwenye mawe wanatokea kama vumbi lililoganda juu ya mwamba, na pinde za sangara mara nyingi ziko ukingoni mwa hilo vumbi, upande ambao mawe yanakutana na tope. Dagaa mchana wanakaa chini kama wingu zito, usiku wanapanda.

Jambo moja la msimu, litakufaa siku mkitoka nje ya ghuba. Kuanzia kama Septemba hadi Aprili maji ya kina kirefu yanagawanyika matabaka, ya juu ya vuguvugu, ya chini ya baridi kidogo, na yale ya chini yanaishiwa oksijeni. Sangara havumilii maji ya namna hiyo. Ukiongeza usikivu wa mashine wakati mwingine unaona utepe hafifu katikati ya maji, umelala sambamba. Chini ya utepe ule usipoteze chambo. Kipupwe kikiingia, Juni na Julai, upepo wa kusini mashariki unayachanganya maji na samaki wanashuka tena. Ndani ya ghuba yenu maji ni ya kina kifupi na upepo unayavuruga mara kwa mara, kwa hiyo hilo halitawasumbua sana.

Sasa mwamba wako. Nenda siku ya kweupe, wakati mwembe bado upo. Pita juu yake kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, mashariki kwenda magharibi, kisha kusini kwenda kaskazini. Weka pointi ya kilele, weka pointi za kingo nne, kila moja na jina lake. GPS hizi zinakosea mita tatu hadi tano, ukiwa na pointi moja tu utakuwa unaukosa mwamba kwa upana wa mtumbwi na kushangaa. Pointi ya nanga ni nyingine kabisa: nanga inashuka upande unakotoka upepo, mbali na mwamba, ili kamba ikilegea mtumbwi urudi ukae juu ya ukingo. Watu wanahifadhi kilele, wanatupa nanga kwenye kilele, nanga inanasa kwenye mawe na samaki wametawanyika.

Na njia ya kurudi iache ijirekodi kila safari. Dhoruba za ziwa hili mnazijua. Mvua ikifunga hakuna wa kukuonyesha Luchelele iko wapi isipokuwa ule mstari wa nukta ulioacha asubuhi. Hata kama usingevua samaki kabisa, kwa hilo peke yake ningekwambia ununue.

FundiWaPasiansi

Mzee kamaliza kusoma kioo. Mimi niseme ya kufunga, maana nazitengeneza hizi zikirudi zimekufa, na nyingi zimeuliwa na waya.

Kwanza, mtumbwi wa mbao usijaribu kubandika transdusa ndani ili ipige kupitia ubao. Watu wanaona video za boti za faiba wanaiga. Ubao una hewa ndani yake, na kwenye maungio kuna pamba ya kalafati, sauti inafia hapo hapo. Lazima transdusa iguse maji.

Tengeneza mti wa kushusha na kupandisha. Chukua bomba la chuma la mraba la inchi moja, urefu utoke ukingo wa mtumbwi mpaka sentimita chache chini ya tumbo la mtumbwi. Juu lifunge kwenye ubao mgumu kwa boliti moja nene, ili bomba lizunguke kwenye boliti, na ubao ule ubane ukingoni kwa klampu mbili za seremala. Katikati ya klampu na ukingo weka kipande cha mpira wa tairi la ndani, hapo hutoboi kitu na mtikisiko wa injini unapungua. Ukikaribia ufukweni unavuta bomba, linalala juu ya mtumbwi. Weka na kamba ya usalama, klampu ikiachia usipoteze kila kitu.

Mahali: ubavuni, mbele ya injini, mbali na propela. Ukiifunga nyuma kabisa basi iwe angalau nusu mita kutoka kwenye propela, vinginevyo utaona povu tu. Uso wa transdusa uangalie chini sawasawa. Ikiinama, pinde zinatoka nusu, na mwamba unauona mahali usipokuwepo. Mkienda kasi picha itapotea, hiyo ni kawaida, punguzeni.

Waya ya transdusa usiikate hata ikiwa ndefu kiasi gani. Izungushe, ifunge kwa kamba za plastiki, iache.

Betri: injini yenu ya kuvuta kamba msiitegemee kwa umeme. Nunua betri ya volti 12, Ah 7 (yaani ampea-saa 7), zile zinazowekwa kwenye UPS na mashine za kengele za ulinzi, mjini zipo. Striker 4 inakula kama robo ya ampea. Kwa hesabu ya karatasi ni saa 28, lakini betri ya risasi usiishushe chini ya nusu ikiwa unataka idumu, kwa hiyo hesabu saa 14, na Jumamosi moja haifiki huko. Chaji na sola ndogo au chaja ya kawaida ya betri ndogo. Msiiunganishe na betri ya taa za dagaa: taa zikiwaka volti zinashuka, mashine inajizima, na ukitafuta ugonjwa huupati.

Fyuzi iwe karibu na betri, saizi iliyoandikwa kwenye kijitabu chake. Hakikisha chanya na hasi kabla hujachomeka. Betri ikae kwenye ndoo yenye mfuniko, toboa tundu moja la waya, ndoo uifunge isiserereke. Kichwa cha mashine kishushwe mwondoke nacho nyumbani kila siku. Anayeiba injini usiku haachi kitu kingine.

DadaWaUkerewe

Mwalimu, kwa mtumbwi wenye injini na wa kwako mwenyewe mfuate Mzee na Fundi. Ila naona ile ya kurusha imeachwa njiani bila kusemewa, na kuna wanaosoma hapa ambao hawana mtumbwi wao.

Mimi natumia Deeper Pro+ huku Nansio. Nakodi mitumbwi ya makasia, leo huu kesho ule, siwezi kubeba bomba na betri ya risasi. Hii inaenea kwenye kiganja, inaongea na simu kwa Wi-Fi yake yenyewe bila intaneti, na inajiwasha ikigusa maji. Ukiwa juu ya jabali ufukweni unairusha kwa fimbo ya kuvulia, unaivuta taratibu, unaona kina kinavyoteremka kuanzia miguuni kwako. Hakuna ya kufunga kwenye chombo inayoweza hilo. Ukiwa kwenye mtumbwi unaifunga kwa kamba fupi ubavuni inaelea, na programu inachora ramani ya kina unapopita.

Udhaifu wake ni ule aliousema Mzee: kioo ni simu. Kwenye jua la saa sita sikioni vizuri, na chaji ya simu inakwisha kabla ya ile ya Deeper, ambayo kwangu inakaa saa tano mpaka sita. Ziwa likichafuka mawimbi yanaipiga huku na huku na mstari wa chini unakuwa meno ya msumeno. Kwa hiyo naitumia asubuhi wakati maji yametulia. Kifungo chake kikague kila mara, maana ikikatika kwenye upepo, imekwenda.

Na kwa kuwa mpo Mwanza mjini, mkianza kuwinda miamba kwa pointi mtajikuta mnasogea kuelekea Saanane. Pale ni hifadhi ya taifa, si mahali pa kujiingilia tu kuvua. Weka pointi kadhaa kuizunguka ili mjue mwisho wenu uko wapi hata gizani.

MwanaLuchelele

Shikamoo Mzee, ahsante Fundi, ahsante dada. Nimechapisha maelezo yenu, shemeji kayasoma dukani mbele ya wateja.

Tumekubaliana Striker 4. Kuna ndugu yetu anarudi mwezi ujao kutoka Marekani, atakuja nayo kwenye begi. Bomba na boliti vipo dukani kwa shemeji, klampu nitaazima. Naona tutabaki na chenji ya betri na sola.

Nina swali moja. Jumamosi iliyopita kulikuwa kweupe, nikafuata ushauri wa Kijana wa Igombe nikahifadhi mwamba kwenye simu, kilele na kingo mbili. Mashine ikifika naweza kuziingiza hizo pointi kwa mkono, au lazima nikapite upya?

MzeeWaKayenze

Marahaba. Unaweza. Tengeneza pointi mpya, kisha ihariri na uandike namba za simu. Ila angalia sana mtindo wa namba. Simu nyingi zinaandika nyuzi na desimali, kwa mfano 2.5900 kusini. Mashine hizi mara nyingi zinakuja zikiwa zimewekwa nyuzi na dakika, na namba hiyo hiyo inakuwa nyuzi 2 dakika 35.400. Ukichukua ile 59 ya simu ukaiandika kwenye nafasi ya dakika, mwamba wako utahamia zaidi ya kilomita 40 kusini. Njia rahisi ni kuingia kwenye mipangilio ya mashine ukachagua mtindo ule ule wa simu, ndipo uandike. Hakikisha pia ni S, kusini. Vipimo viwe mita, na aina ya maji uchague yasiyo na chumvi, si ya chumvi, kwa sababu sauti haiendi kwa kasi ile ile na kina kitapungua au kuzidi kidogo.

Hata ukishaziingiza, pita juu ya mwamba tena na 200 kHz, uone mstari ukipanda pale simu iliposema. Zikitofautiana, fuata mstari wa chini, sogeza pointi.

Mwambie huyo ndugu afungue boksi huko huko kabla hajapanda ndege, aone transdusa na waya zake vimo. Kuna vichwa vinauzwa vitupu kwa bei nafuu, na transdusa ukiitafuta peke yake hapa Mwanza utasubiri sana.

FundiWaPasiansi

Na risiti abaki nayo, forodha wataiuliza. Mkishafika na bomba lenu nipitieni Pasiansi tulichomelee kipande cha chini cha kushikia transdusa, ni kazi ya dakika kumi. Njooni na transdusa yenyewe, nisichomelee kwa kukisia.